UZI: Diski nyepesi kwenye STI ya kila siku, Bukavu. Nilipima, nikafunga, nikashuka Bugarama

Kivu_Boxer (Bukavu)

Habari zenu, wakubwa kwa wadogo. Nimekuwa msomaji tu hapa kwa muda mrefu. Leo naleta uzi wangu kwa sababu jambo hili lingeweza kuua watu wanne, na mmoja wao ni mwanangu.

Gari ni Subaru Impreza WRX STI ya 2004, ile yenye etriye (kalipa zinazobana diski) za Brembo: pistoni nne mbele, mbili nyuma, diski za mbele milimita 326 kwa unene wa 30. Sina gari lingine. Asubuhi inapeleka watoto shule Nguba, inapanda kazini upande wa Mulamba, jioni inarudi kupitia Nyawera katikati ya pikipiki na wasukuma mikokoteni. Na mara mbili kwa mwezi inashuka Uvira kwa mama yangu.

Diski za zamani zilikuwa zimefika mwisho wa unene, nikaanza kutafuta. Kila mahali nilisoma neno moja: punguza uzito wa vitu vilivyo chini ya springi. Gurudumu, diski, etriye, vyote vinavyoruka pamoja na pine (tairi). Vikiwa vyepesi, pine inafuata barabara vizuri zaidi. Hilo ni kweli, na kwa mtu anayekula mashimo ya Bukavu kila siku linavutia sana. Nikapata diski mpya zenye matundu kila mahali, muuzaji akasema ni nyepesi kuliko za kiwandani. Sikumwamini kwa mdomo. Nilibeba moja ya zamani na moja mpya hadi Kadutu, kwa mama mmoja anayeuza maharagwe kwa jumla, akaniwekea juu ya mizani yake. Ya zamani, pamoja na kutu yake na kulika kwake: kilo 9 na gramu 600. Mpya: kilo 7 na gramu 900. Karibu kilo mbili kila upande! Mama akaniuliza, "Sasa hiyo nyama ingine imeenda wapi?" Nikalipa usafiri, nikaenda garaji kuzifunga.

Hilo swali lake ndilo nililopaswa kujibu kabla ya kutoa pesa. Diski ilikuwa chuma kitupu, kipande kimoja, bila aluminiamu popote. Basi kilo zile zilitolewa kwenye pete yenyewe, pale plakete (pedi za breki) zinapobana: kuta zimepunguzwa, mapezi ya ndani yamepunguzwa, na matundu juu yake.

Wiki tatu nilifurahi. Kisha safari ya Uvira. Nilivuka Ruzizi, nikapita upande wa Rwanda kwa sababu ya lami, tushuke Bugarama halafu tuingie Kamanyola. Ndani tulikuwa wanne, na nyuma magunia mawili ya viazi vya mama. Lami pale ni nzuri, kona zinafuatana, nami nilikuwa vitesi (gia) ya nne nikigusa freni kila kona. Karibu na chini, pedali ilishuka kuliko kawaida. Kona iliyofuata ilishuka zaidi, laini kama unakanyaga sifongo. Niliingiza ya tatu, kisha ya pili, injini ikalia, nikavuta freni ya mkono kidogo kidogo, nikasimama kwenye nafasi ya changarawe pembeni. Harufu ilikuwa ile ya nywele zilizoungua. Diski zilikuwa zinalia tik, tik, tik. Mwanangu akauliza kama tumefika kwa koko, bibi yake.

Tulikaa pale zaidi ya saa moja. Pedali ilirudi. Niliendelea na vitesi ya pili hadi Kamanyola.

Nyumbani nilitoa magurudumu, nikamulika diski kwa tochi kutoka pembeni. Upande wa kushoto kulikuwa na nyufa zinazotoka tundu moja kuelekea la jirani yake, nyembamba kama unywele. Mbili kati ya hizo ukucha unakwama ukipitisha. Diski ya wiki tatu.

Sasa naomba mawazo. Nataka gari libaki jepesi na lenye uhai, lakini ni gari la familia na la kila siku. Nichague nini?

---

Fundi_Essence (Bukavu)

Kaka, kwanza tumshukuru Mungu kwamba mko hai.

Mimi niko garaji miaka ishirini na zaidi, nikuambie jambo ambalo watu wengi wanachanganya. Pedali ikienda chini laini, hiyo si diski. Hayo ni mafuta ya freni yamechemka ndani ya etriye, yametoa mvuke, na mvuke unabanika, ndiyo maana mguu unazama. Pedali ikibaki juu, ngumu, lakini gari halisimami, hapo ndipo plakete zimezidiwa na moto. Ni magonjwa mawili tofauti. Wewe ulipata la kwanza, na diski yako nyembamba ndiyo iliyolileta haraka.

Mafuta yalibadilishwa lini mara ya mwisho?

---

Kivu_Boxer

Mkubwa, sikumbuki. Sijawahi kuyabadilisha tangu ninunue gari, na hiyo ni miaka mitatu. Nilikuwa naongeza tu.

---

Fundi_Essence

Basi tumepata nusu ya jibu. Mafuta ya freni yanavuta maji kutoka hewani, na hapa kwetu mvua haikosi. Daraja zake zinaandikwa DOT kwenye chupa. DOT 3 mpya lazima ivumilie angalau nyuzi 205 kabla ya kuchemka. Ikishanyonya maji, kiwango kinachotakiwa ni 140 tu. DOT 4 ni 230 mpya, 155 ikizeeka. DOT 5.1 ni 260 na 180. Angalia hizo namba za pili, ndizo unazoendesha nazo wewe. Na mtu asije akaona DOT 5 akadhani ni kubwa kuliko 5.1: ile ni ya silikoni, haichanganywi na hizi.

Gari lenye nguvu linaloshuka milima yetu, mimi naweka DOT 4 nzuri na naibadilisha kila mwaka. Ni kazi ya saa moja na chupa moja ya lita. Watu wanatoa pesa nyingi kwa diski zenye rangi na wanakataa chupa hiyo.

---

nyota_ya_kivu

Naweka alama hapa, nitarudi jioni. Pole sana kaka.

---

Lava_Boxer (Goma)

Pole ndugu yangu wa upande wa pili wa ziwa. Sisi Goma matundu tuliyaacha zamani. Vumbi letu ni la lava, lina ncha kama kioo kilichosagwa. Linaingia kwenye matundu, linakaa, linachonga plakete. Nimewahi kutoa vijiwe kwenye diski ya aina hiyo kwa msumari, kimoja kimoja, Jumamosi nzima. Tangu hapo natumia diski laini, isiyo na tundu wala mchirizi, na plakete zinakaa karibu mara mbili.

Watu watakuja kukuambia ununue diski za vipande viwili, pete ya chuma na kofia ya aluminiamu katikati. Wazo ni zuri. Ila kuna zile ambazo pete inaelea kwenye pini. Hizo kwa barabara ya Sake zitakulilia usiku na mchana, na uchafu ukiingia kwenye pini, pete haielei tena. Ukichukua, chukua zile zilizofungwa kwa boliti moja kwa moja.

---

Dada_Boliti (Lubumbashi)

Jambo wandugu. Mimi ni mhandisi mitambo, nina WRX ya 2003, na barabara yangu ni ya Likasi: tambarare, ndefu, malori ya madini mbele na mbuzi pembeni. Tatizo langu ni tofauti na la yaya (kaka) wa Bukavu, lakini hesabu ni moja, ngoja niiweke.

Freni kazi yake ni kugeuza mwendo kuwa moto, halafu kuutupa huo moto hewani. Gari la kilo 1,800 likiwa na watu na mizigo, kwa kilomita 100 kwa saa, linabeba karibu kilojuli 694. Kwa 140, zaidi ya 1,360. Yaani mwendo umeongezeka kwa asilimia 40 na moto umekaribia kuwa mara mbili. Ndiyo maana mimi huku kwenye tambarare naogopa mwendo.

Kwenu ni mteremko. Kila mita 100 mnazoshuka wima bila kuongeza mwendo ni moto sawa na kusimama kabisa kutoka 100 mara mbili na nusu. Ziwa Kivu liko karibu mita 1,460 juu ya bahari, Tanganyika karibu 770. Kwa hiyo Bukavu hadi Uvira ni kama kusimama mara 17 kutoka kilomita 100 kwa saa, na sehemu kubwa inakuja kabla ya Kamanyola, bila nafasi ya kupumua. Uzito wa gari haubadilishi hiyo 17, maana uko pande zote mbili za hesabu. Hewa na injini vinachukua sehemu yao, na ukiwa vitesi ya nne injini inachukua kidogo sana.

Sasa diski. Tuseme mbele kunabeba asilimia 70. Kusimama mara moja kutoka 100 kunapandisha diski ya kilo 9.6 kwa nyuzi kama 55, na ya kilo 7.9 kwa nyuzi kama 67. Tofauti ya 12. Mjini hutaihisi kamwe, ndiyo maana wiki tatu zilikuwa tamu. Lakini rudia mara kumi bila kupoa, ongeza kwamba moto wote uko kwenye pete na wala si kwenye kofia, na pete ndiyo iliyokatwa. Chuma kile ndicho ghala la moto wako.

Upande wa faida: diski iko karibu na katikati ya gurudumu. Kilo 2 ukizitoa pale, injini inazihisi kama kilo 2.3. Zitoe kwenye mdomo wa janti (rimu), inazihisi kama karibu 3. Kwenye pine, zaidi ya tatu na nusu. Springi na shoki (shokabu) hazibagui, kwao kilo ni kilo popote ilipo kwenye gurudumu. Basi kama unatafuta wepesi, kuna sababu gani ya kuanza na kipande pekee kinachokuhitaji mzito?

Yaya, una janti za inchi ngapi?

---

Kivu_Boxer

Dada, 18. Zilikuja na gari, za kumimina. Sikuwahi kuzipima.

---

bandari_salama (Dar es Salaam)

Wakuu, mbona hamzungumzii breki za kaboni seramiki? Nusu ya uzito na hazichoki kwa moto. Zikipatikana mtumba si mchezo umeisha?

---

Dada_Boliti

Ndugu wa Dar, uzito umesema kweli. Porsche ilipoziweka kwenye 911 GT2 mwaka 2001, diski zilikuwa karibu nusu ya uzito wa chuma, na moto zinauvumilia vizuri. Lakini fikiria gari hili. Bei ya seti mpya inaweza kuzidi bei ya gari lenyewe. Zinataka plakete zake na etriye zilizopangwa kwa unene wake. Ukingo wa diski ukigongwa na janti wakati wa kubadilisha pine unabanduka, na pine zetu zinabadilishwa pembeni mwa barabara kwa nguvu za mikono. Na za mtumba zina shida moja kubwa: nyingi zinachoka kwa kupoteza uzito, hivyo unaweza kupima unene ukakuta uko sawa kumbe ndani zimeungua. Mimi kwa gari la shule na soko singezigusa.

---

bandari_salama

Nimekuelewa dada, asante. Sisi huku tunasema pedi, nyie plakete. Je, pedi za mashindano vipi? Diski ya kawaida, pedi kali?

---

Fundi_Essence

Hizo ndizo zilinigombanisha na mteja mmoja. Plakete za mashindano zinataka moto ndipo zishike. Saa kumi na mbili asubuhi, mvua imenyesha, mtoto wa shule anakatiza barabara pale Feu Rouge, plakete ziko baridi: gari linateleza mbele kama halina freni. Mteja alinirudia amegonga nyuma ya taksi. Gari la kila siku linahitaji plakete inayoshika tangu kanyago la kwanza na inayovumilia mteremko pia. Zipo, zinaitwa za barabara ya haraka au za milima, na si za bei ya kutisha.

Na zikifungwa mpya lazima zizoeshwe. Tafuta barabara tupu. Toka 60 hadi 15 mara nane au kumi, kwa kukanyaga vizuri, bila kusimama kabisa, kisha endesha dakika kumi bila kugusa freni ili zipoe. Ukisimama na mguu kwenye pedali zikiwa za moto, plakete inaacha alama yake kwenye diski, halafu unakuja kuniambia diski imepinda.

---

Matope_GC8 (Kampala)

Naongeza moja tu kabla hujanunua. STI ya 2004 boliti zake ni 5x100, yaani tano kwenye duara la milimita 100. Kuanzia modeli ya 2005 zikawa 5x114.3. Diski zote mbili ni 326, sura moja, boksi moja. Rafiki yangu alipokea za 2005 kutoka kwa muuzaji aliyeapa kwamba ni sawa. Zilikaa ukutani miezi sita kama saa. Pima nafasi ya matundu ya boliti kwa rula kabla ya kulipa.

---

Kivu_Boxer

Narudi baada ya wiki tano. Nimefanya kazi, nimeshuka tena, nina majibu.

Kwanza nilirudi kwa mama wa maharagwe na janti moja. Alicheka, lakini mizani akatoa. Janti yangu ya 18, bila pine: kilo 10 na gramu 900. Nilipata seti ya 17 za mtumba, zilizofuliwa kwa kugandamizwa, zikiwa na nafasi ya kupitisha etriye za Brembo. Kilo 8 na gramu 400. Hizo ni kilo mbili na nusu kila gurudumu, mara nne, na nilikuwa nimehangaika na kilo tatu na nusu za diski mbili! Pine ya 17 ina ubavu mrefu zaidi, kwa hiyo hata mashimo ya Panzi sasa yanapita bila kugonga mdomo wa janti. Uhai niliokuwa nautafuta kwenye diski nimeukuta hapa. Mke wangu, ambaye hajui lolote kuhusu uzi huu, aliniuliza kama nimebadilisha shoki.

Diski: nilirudi kwenye 326 za chuma, laini, uzito kamili. Nilifikiria sana zile za kofia ya aluminiamu zilizofungwa kwa boliti. Kwa mantiki ya dada ndizo pekee zinazopunguza uzito mahali ambapo moto haukai, pete inabaki nzima. Mtu mwenye pesa na gari kama langu, nadhani hizo ndizo za kununua. Mimi sikupata za 5x100 kwa bei ninayoiweza, na sikutaka kungoja nikiwa na diski zenye nyufa.

Plakete za milima, DOT 4 mpya. Fundi_Essence alinifanyia mwenyewe, na mafuta yaliyotoka yalikuwa na rangi ya chai ya rangi iliyokaa usiku kucha. Nilipiga picha ili nisisahau.

Kisha Bugarama, barabara ile ile, watu wanne, viazi. Juu kabisa niliingiza vitesi ya pili, na pale panapofunguka ya tatu. Freni nilikanyaga kwa nguvu mara moja kabla ya kona, nikaachia kabisa, ipoe. Ule mguso mdogo mdogo usioisha nimeuacha. Pale kwenye changarawe niliposimama mara ya kwanza nilisimama tena kwa makusudi. Nilikuwa nimeazima kipima joto cha fundi, kile cha kuelekeza mwanga. Diski ya kushoto 210, ya kulia 205. Pedali ilikuwa juu, ngumu, pale pale ilipokuwa kule juu Kamembe, kabla ya mteremko. Mwanangu aliomba kushika kipima joto, akapima diski, akapima jiwe, akapima viazi.

---

Dada_Boliti

Yaya, nimesoma hiyo 210 mara mbili kwa furaha. Huo ni moto wa kawaida kabisa kwa chuma na kwa plakete zako.

Sasa nisaidie na mimi. WRX yangu ina diski ndogo za mbele, watu wananisukuma nifunge Brembo za STI. Mimi naona zitaongeza uzito kila upande, zitanilazimisha kuacha janti zangu za 16, na barabara yangu haina mteremko. Nawaza nibaki na za kwangu, nibadilishe mafuta na plakete tu. Fundi, unasemaje?

---

Fundi_Essence

Baki nazo, dada yangu. Freni ndogo yenye mafuta mapya inasimamisha pine yoyote ya barabarani mara moja, mara tatu, hata mara tano. Brembo inakupa ya ishirini. Huko Likasi ya ishirini huihitaji, labda mbuzi wawe wamejipanga.

Cha kwako ni kuangalia mipira ya freni, ile inayopitisha mafuta hadi kwenye etriye. Gari la 2003 likiwa bado na mipira yake ya kwanza, inavimba ukikanyaga na nguvu inapotelea pale. Na mwendo, 140 na malori yale, punguza.

---

Dada_Boliti

Nimepokea yote mawili, mzee. Yaya, niandikie vipimo vya hizo janti za 17, nikizipata huku nitazifunga ingawa sina Brembo.

---

Kivu_Boxer

17 kwa 7.5, ET (umbali wa uso wa kufungia kutoka katikati ya janti) 53, 5x100, tundu la katikati milimita 56.1. Ukikuta za kumimina zenye vipimo hivyo hivyo, zipime kwanza, kwa macho zinafanana kabisa.

---

Fundi_Essence

Na baada ya kilomita 50 hadi 100 simama ukaze nati tena, kwa ufunguo wenye kipimo. Wote wawili. Kivu_Boxer, wewe bado hujapita garaji kwa hiyo kazi, nakungoja kesho.